Bwana Aliyelia Kila Saa Kumi na Moja

Bwana wa shamba letu la mkonge alikuwa na saa ya kulia. Saa kumi na moja jioni, kila siku ya kazi, alisimama mbele ya jiwe lake jeupe chini ya kilima, kofia kifuani, akasoma majina ya askari wa Kiingereza waliokufa pale katika vita vya kwanza, walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani kutoka Kilosa kuelekea kusini. Chozi sikuwahi kuliona. Sisi wakata mkonge, watu wa korona ile mashine ya kuchambulia majani, na wanawake waanika katani kama mimi, tulipangwa nyuma yake tukiwa hoi, tunanuka maji ya mkonge, mbu wakitufaidi. Aliyekaa chini hakusainiwa kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, na kipande kisiposainiwa ilikuwa kama hukufanya kazi kabisa.

Wapo hadi leo wanaonisimulia kwamba Mwingereza yule alikuwa na moyo wa kukumbuka. Alaa! Alikumbuka aliowataka. Kuna asubuhi korona ilimvuta kijana mmoja mkono, akafa kabla jua halijawa kali. Jioni yake tulisimama palepale, damu ya kijana bado iko sakafuni penye korona, tukawaomboleza watu waliokufa kabla yake miaka chungu nzima. Yeye hakutajwa. Mtu angetegemea hata kikohozi cha aibu, lakini bwana alisoma majina yake kwa raha zake, akafunga kitabu, akaenda kuoga.

Kuhusu majina hayo kuna kioja. Siku ya kwanza kabisa hakuna aliyetueleza tunachotakiwa kufanya, na sisi tukisomewa majina tulijua jambo moja tu, hesabu ya alfajiri. Nyapara anaita, ukiwapo unaitika "Nipo!", usipokuwapo yeye mwenyewe anapaza sauti "Hayupo!" na karani anakuandika. Basi bwana akasoma jina la kwanza. Kimya. Nyapara, mtu wa kazi, akaunguruma: "Hayupo!" La pili. "Hayupo!" Bwana akageuka, uso mwekundu kama pilipili.

"Hapana hayupo! Hawa yupo! Siku yote yupo!"

Ikawa sheria tangu siku hiyo. Jina likisomwa, shamba zima tunaitika "Yupo!" Usiku ule kambini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sisi tulio hai tukiugua homa siku mbili tunaandikwa hatupo, na waliooza ardhini wanahudhuria kila siku bila kukosa. Na aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa nyapara huyohuyo, ambaye katika vita vile alikuwa askari wa Mjerumani, juu ya kilima kilekile, na bunduki mkononi. Bwana hakuwahi kumuuliza alikuwa upande gani, naye hakujisumbua kumweleza.

Sasa nieleze kwa nini mimi jambo hili lilinikera kuliko wengine. Baba yangu alifia pale. Nilikuwa bado tumboni. Wajerumani walimkamata kwetu milimani wakambebesha masanduku. Walipokimbia, Waingereza wakamkuta njiani wakambebesha ya kwao. Hakuna aliyemuuliza anapenda bendera ipi. Mwenzake mmoja, mwenyeji wa Ruhembe, aliyekuwa akibeba naye, alipita kwa mama baada ya vita akamwambia kwamba alimwona akianguka na sanduku la risasi kichwani, akafukiwa na wapagazi wengine katika handaki chini ya kilima. Miaka ikapita, bwana akaja kuotesha mkonge, akaona mahali pazuri pa kuweka jiwe lake. Akaliweka juu yao.

Kaka yake baba, baba yangu mkubwa, aliikataa habari ile. Alisema neno la mpita njia aliyekuja kula ugali wetu halitoshi. Kwetu mtu aliyepotea haliliwi mpaka kifo chake kitangazwe mbele ya watu, na mahali alipoangukia pakijulikana, kitangazwe hapohapo. Kabla ya hapo hakuna matanga. Mke hanyolewi, havui kaniki ya kungojea, haolewi, harudi kwao. Mama alikuwa si mke wala si mjane, na baba mkubwa alilipenda sana jambo hilo la mila, maana mama ndiye aliyemlimia mashamba yake. Wanaume wawili watatu walikuja kuposa wakarudishwa mlangoni. "Mumewe yupo," aliwaambia. "Hajarudi tu."

Nilikua nikimwona mama na kaniki ileile nyeusi, ikichakaa anapata nyingine kama hiyo. Mwishowe kifua kikaanza kumsumbua, akaniambia wazi kitu anachotaka: asife kabla hajalia msiba wa mumewe.

Akateremka kutoka milimani, tukaenda pamoja kwa bwana. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, bwana."

"Jambo. Taka nini?"

"Mume wangu yuko chini ya jiwe lako. Naomba jioni moja tu, ukishamaliza wa kwako, na yeye atajwe, watu wasikie kwamba alikufa hapa."

"Mume yako alikuwa askari?"

"Alibeba mizigo, bwana."

"Basi hapana. Hii mawe ya askari. Pagazi hapana kufa na vita. Pagazi nakufa na tumbo."

Mama alisema asante. Asante! Mimi nilitamani kuling'oa lile jiwe kwa kucha. Tukiwa njiani nikaanza kumtukana yule mtu kwa lugha yetu ya nyumbani, mama akanikatisha.

"Nyamaza, mwanangu. Kesho kamlete baba yako mkubwa."

Kumleta ilikuwa kazi. Alilalamika mguu, akalalamika jua, mwisho akaja kwa sababu nilimwambia kuna pombe. Saa kumi na moja tukamsimamisha kando ya safu ya wanawake, yeye na mama. Bwana akasoma, tukaitika "Yupo!", akasoma, tukaitika. Alipofunga kitabu tu, mama akatoka mbele na kaniki yake, akasimama karibu na jiwe, akaliita jina la baba yangu na la baba yake baba yangu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Na sisi, kwa mazoea yale ya kipumbavu, shamba zima tukajibu: "Yupo!"

Baba mkubwa alitabasamu, akawageukia waliokuwa jirani naye. "Si mmesikia wenyewe?" alisema. "Yupo."

"Hapana!" Mama alipiga kelele. "Nimeambiwa yupo tangu huyu mtoto wangu hajazaliwa! Yupo wapi? Nionyesheni! Sikuja hapa kuambiwa yupo!" Kikohozi kikamshika, akangoja kiishe, akajifuta mdomo. Akaliita tena lile jina, polepole, kama mtu anayegonga mlango.

Safari hii hakuna aliyejibu. Bwana alikuwa ameshaanza kuja na fimbo yake, anauliza nini hii, nini hii. Nyapara akamtazama mama, akatazama juu kilimani alikokuwa siku ya vita. Akavua kofia yake. Kisha akatoa ile sauti yake ya alfajiri, ambayo sote tulikuwa tunaiogopa.

"Hayupo!"

Tukapokea. Wakata mkonge, watu wa korona, wanawake, karani na wino wake, tukajibu kwa pamoja: "Hayupo!"

Mama akaketi chini palepale akalia. Alilia kilio cha msiba mbichi, mikono kichwani, nasi wanawake tukampokea, na wengine nikawasikia wakiita watu wao wenyewe, maana ni nani pale aliyekuwa hana mtu aliyechukuliwa kubeba akapotea? Baba mkubwa alitazama huku na huku, hakupata pa kujificha, akainamisha kichwa akaanza kulia na yeye. Na bwana, aliyetaka shamba zima liomboleze kila siku, siku lilipoomboleza kweli alikuwa akipiga jiwe lake kwa fimbo na kufoka, "Kimya! Kimya!" Nilimdharau siku ile kuliko siku zote, na sijaacha.

Matanga yaliwekwa, mama akanyolewa. Siku ya kuyaanua nilimpelekea kanga nyekundu, akaivaa, akajitazama mabegani kama mwari. Nikaona nimwambie habari za shambani: kwamba bwana alikuwa amekasirika mno, vipande havikusainiwa, na mwenyewe amemwamuru karani aandike mbele ya kila jina la shamba zima, siku ile: "Hayupo."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe neno analijua," alisema. "Kumbe kinywa chake kinaweza kulisema."