Jeli ya Waliopigwa Risasi

Siku yangu ya kwanza kwenye pansement, chumba cha kufungia vidonda, chef wa wauguzi alininyang'anya kitambaa cha kompresi mukononi. Miye infirmière A2, muuguzi mwenye diploma bado mupya, nilikuwa nasugua kidonda mpaka damu itoke, vile nilifundishwa. Akasema hapa kidonda kinaoshwa polepole, kinapakwa jeli, kinafunikwa, kinaachwa. Ni jeli ya asidi hyaluroniki. Musiogope jina asidi, haichomi: ni kitu ambacho ngozi yetu yenyewe inacho, kinashika maji, ili nyama mupya iote bila kukauka. Kuacha ndiyo kazi ngumu. Mikono ilikuwa inaniwasha kusugua.

Ninyi munaoanza sasa mutafundishwa ufundi. Miye nawaambia ile jeli ilikaa wapi: kwenye kabati yenye kufuli. Wafadhili waliotuletea waliweka sharti, ni ya waliojeruhiwa na vita tu. Risasi, bomu. Basi.

Wakati ule watu wa Masisi walikuwa wamekimbia vita, wamejaa kwenye kambi juu ya mawe ya volkano. Mama Asifiwe akatoka huko amebeba binti yake Asifiwe, mukono umeunguzwa na maharagi ya moto kuanzia vidole mpaka kiwiko. Vidole vikipona vibaya vinashikana, mutoto hatashika hata kijiko. Nikaenda kuomba ufunguo.

«Sufuria si vita,» chef akasema.

Hakuwa mutu mubaya. Aliogopa wakaguzi wa wafadhili: wakikuta jeli imetumika kwingine hawaleti tena, na alikuwa na vijana wa risasi chumba kizima. Nikarudi, nikamunong'oneza mama aseme bomu lilianguka karibu, sufuria ikamwagika. Akanikatalia mbele ya wagonjwa wote.

«Hapana, mama. Ni miye niliweka sufuria karibu na mutoto. Siwezi kusingizia watu.»

Nilikasirika. Chef alikuwa mulangoni, amesikia yote. Nilijua ananifukuza. Lakini alimugeukia mama, akamuuliza kwa nini anapikia ndani ya nyumba.

«Nyumba gani, papa? Ni bâche, turubai tu. Kule kwetu jiko langu liko inje, lina mulango wake, watoto hawaingii. Hapa nikinyoosha muguu nagusa moto.»

Chef akatoa ufunguo mufukoni, akanipa, akasema wakaguzi atawajibu yeye.

Nilipaka jeli katikati ya vidole, nikafunga kila kimoja peke yake, nikaacha. Ngozi ikaja, laini, na hakuna kidole kilichoshikana na kingine. Siku ya kutoka, Asifiwe alikamata ndevu za chef, wagonjwa wakacheka. Mama yake hakucheka.

«Papa chef, sasa nitapikia wapi?»

Chef akaniangalia miye. Nikaenda kufunga kabati.

Niliacha ile kazi nilipozaa. Jirani zangu hapa Ndosho wanafikiri damu ndiyo ilinishinda. Damu niliizoea. Nilichoka kuponya mukono vizuri, halafu kuurudisha kwenye moto uleule.