Bastola Isiyowahi Kukwama

Zamani mtu alitunza chombo mpaka chombo kikamtunza yeye, na siku hizi chombo kikishika vumbi hutupwa pamoja na mtu aliyekuwa akikifuta. Koplo alikuwa wa hiyo zamani. Miaka ishirini na tisa alilinda ghala la silaha la kambi, chumba kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma na bastola mia moja na arobaini na nne zilizopangwa kwa namba. Namba hizo alizijua kuliko tarehe za kuzaliwa za wanawe. Alipostaafu, mkewe alishuhudia bawaba, makomeo na cherehani vikipakwa grisi kimoja baada ya kingine, na ilipofika zamu ya mpini wa sufuria, wageni wakaanza kumwagiwa mchuzi.

"Mume wangu," alisema mkewe, "vita vilikwisha. Niachie jiko langu."

Kwa hiyo kila alasiri alikwenda kwa kinyozi. Hakuwa na nywele za kunyoa. Alikwenda kubishana na Sajini.

Sajini naye alikuwa mstaafu wa kambi ileile, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Walikaa kwenye benchi moja, mkabala na kioo chenye ufa, na ubishi wao ulikuwa mmoja tangu wastaafu: bastola ya jeshi, ile ya zamani ya chuma, ilikuwa silaha au ilikuwa mzigo?

"Ile bastola yako ni pasi ya mkaa," Sajini alisema. "Nzito, na siku ukiihitaji utaikuta imepoa."

"Silaha lazima iwe nzito, bwana. Hii mpya wanayoileta ni plastiki. Iache karibu na jiko, jioni utakunywa uji wa bastola."

"Lakini inafyatuka."

"Na yangu je? Daftari langu la ghala lina safu ya hitilafu. Miaka ishirini na tisa, safu nyeupe pe!"

"Nyeupe kwa sababu kalamu ulishika wewe."

"Wazee wangu," kinyozi aliingilia, wembe ukiwa juu ya shingo ya mteja, "huyu ana watoto wanne. Msinishtue."

Wateja walicheka, lakini Sajini hakuwa akicheka. Kila mtu pale alijua kisa cha mbwa.

Miaka ishirini na miwili nyuma, siku ya gwaride, mbwa mwenye kichaa aliingia uwanjani akamwendea Kamanda moja kwa moja, kana kwamba ametumwa. Sajini alikuwa mlinzi wa Kamanda. Alichomoa bastola namba sabini na saba, akalenga, na bastola haikulia. Mbwa akamng'ata Kamanda mahali ambapo kwa miezi miwili Kamanda aliendesha vikao akiwa amesimama. Sajini aliapa kwamba alivuta kifyatulio. Wachunguzi walikwenda ghalani, wakaikuta namba sabini na saba inang'aa kama jino la dhahabu, wakasoma daftari, wakaandika: silaha nzima, mlinzi aliingiwa na woga. Nyota ya uafisa iliyokuwa njiani kuja kwa Sajini ikarudi ilikotoka. Tangu hapo, popote alipopita, palikuwa na mtu wa kubweka.

Siku moja mkwe wa Koplo, aliyekuwa kapteni kambini, alisimama mlangoni mwa kinyozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunyoa au kushtaki?"

"Kuna kamati, baba. Bastola za zamani zinaondolewa. Wanataka zijaribiwe pamoja na mpya, na wastaafu wawili watoe maoni."

Koplo alisimama. "Mimi mwenyewe nitaiandaa. Namba sabini na saba."

 Sajini alimtazama kwenye kioo, uso wake umekatwa na ule ufa.

"Ikilia," Koplo alimwambia, "utasema mbele ya watu kwamba ulimwogopa mbwa. Tumalize."

"Na isipolia?"

"Italia."

"Sikuulizi hilo, Koplo. Nakuuliza, isipolia?"

Koplo alitoka nje; katika miaka yote ile hakuwahi kuhitaji jibu la swali hilo.

Asubuhi ya majaribio aliingia ghalani kabla ya wote. Aliifungua namba sabini na saba kwenye kitambaa, akasafisha kila kipande, kisha akachota grisi nzito ya manjano kwa kidole gumba na kuikandamiza ndani ya kila tundu, kama alivyofundishwa. Ndivyo bastola zilivyoandaliwa enzi zao. Wakaguzi walikuja mara mbili kwa mwaka na glavu nyeupe. Doa la kutu lilimpeleka mtu mahabusu. Kama silaha inalia au hailii, hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza. Risasi moja ikitumika, ilibidi zijazwe fomu tatu na kutiwa saini na maafisa wanne, kwa hiyo askari mwenye akili alipendelea kurusha mawe.

Kamati ilikuwa ya watu tisa, chini ya turubai, na sahani mbili za biskuti. Mwenyekiti alikuwa meja kijana aliyezungumza huku akisoma simu.

"Tuanze na ya zamani. Mzee Sajini, wewe uliibeba. Karibu."

"Hapana, afande. Kifyatulio hicho nimeshakivuta mara moja. Inatosha."

Basi Koplo akaichukua mwenyewe. Alisimama kama alivyosimama ujanani, akalenga ubao, akavuta.

Tak.

Ulikuwa mlio wa ukucha juu ya meza. Alikoki tena, akavuta. Tak. Mara ya tatu, tak. Mjumbe mmoja aliacha kutafuna.

Koplo alitoa risasi, akaketi chini kwenye nyasi, akaifungua bastola kwa mikono iliyoijua njia. Pini ya kugonga risasi haikutoka mpaka alipoivuta kwa meno. Ilitoka taratibu, imevaa grisi nzito, kama mguu unaotoka matopeni. Ndani ya ile grisi palikuwa na alama ya kidole gumba.

Akakumbuka. Siku ile ya mbwa, bastola ililetwa ghalani imejaa vumbi, saa nzima kabla ya wachunguzi. Naye, kwa kuwa silaha chafu ilikuwa aibu, aliifungua, akaifuta grisi yote ya zamani, akapaka mpya juujuu tu, kwa haraka, ili ing'ae; ushahidi wa Sajini ukaondoka na kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekifulia nguo.

Wakaileta mpya. Ilikuwa nyepesi, nyeusi, nzuri kutazama. Lakini risasi zilizoletwa na mzabuni mwingine zilikuwa nene kuliko mtutu, zikagoma kuingia. Meja alifikiri kidogo, kisha akamsomea karani: silaha zote mbili zimefaulu, kwa kuwa hakuna aliyejeruhiwa.

"Afande," Koplo alisema kutoka kwenye nyasi, "na hili liandikwe."

"Mzee, ajenda imekwisha."

"Liandikwe. Siku ile ya mbwa, Sajini alivuta. Hakuogopa. Mbovu nilikuwa mimi."

Meja aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mbwa gani?"

Hakuna aliyejua. Kamanda alikuwa amezikwa, faili lilikuwa limeliwa na mchwa, na karani alikwishafunika kalamu. Watu wawili tu chini ya turubai lile walimkumbuka yule mbwa.

Sajini alikung'uta makombo ya biskuti magotini.

"Miaka ishirini na miwili nakuambia."

"Nimesikia leo."

"Basi hata masikio uliyapaka grisi."

Koplo alitaka kucheka, ikashindikana.

Mchana ule bastola zote mia moja na arobaini na nne zilipakiwa kwenye lori, zikayeyushwe. Lori lilikuwa linapita njia ya nyumbani kwa Sajini, akaomba lifti. Koplo alifunga komeo la nyuma; likateleza vizuri, kimya.

"Kesho kwa kinyozi?" aliuliza.

"Tukabishane nini, ndugu yangu?"

Sajini hakuwahi kurudi kwenye lile benchi. Kinyozi aliweka sufuria ya maji ya moto pale alipokuwa akikaa, na Koplo alikuja bado, alasiri kwa alasiri, akazungumza na sufuria.

Mara ya mwisho Koplo alipowaona, bastola zake na mtu aliyekuwa ameziamini kuliko zilivyostahili, walikuwa wakitoka pamoja getini. Sajini alikuwa ameketi juu ya masanduku, mgongo umenyooka kama wa afisa, na mlinzi wa zamu, ambaye hakumjua, alimpigia saluti.