Mzinga Uliotazama Ukuta

Nilikuwa na mizinga miwili ya mbao niliyopewa kwenye kikundi cha vijana wa kata yetu, Heru Juu, na yote miwili haikuwa na alama. Kwetu mzinga usio na alama ni ugomvi. Umeutundika porini, anapita mtu anasema ni wake, na wewe huna cha kumwonyesha. Mmoja ulikuwa umeshaingia nyuki. Kila nilipokwenda kuutazama, niliogopa kukuta mtu ameshachoma alama yake.

Nilitaka kuchoma alama ya baba. Baba alikuwa mrina asali. Alifariki mimi bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo alama yake siijui. Babu, aliyemzaa baba, alisema ilikuwa mguu wa kanga: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Mama alisema si mguu wa chochote, ni mshale, na yeye ndiye aliyekuwa akipuliza moto wakati baba anapasha chuma. Wamebishana hivyo miaka yote. Mizinga ya baba iliungua kwa moto wa kiangazi, mingine ikaoza, isipokuwa mmoja wa gogo ambao watu wa makumbusho walikuja kuuchukua walipokuwa wanakusanya vitu vya zamani. Ulikuwa kwenye makumbusho ya Kibondo. Mtu angekwenda, angetazama, angerudi na jibu.

Ningeweza kwenda peke yangu. Lakini mimi si mtu wa kufika mahali nikaanza kuuliza. Nikamwambia mama, mama akamwambia shangazi, shangazi akasema haiwezekani twende bila babu, na safari yangu ikawa safari ya ukoo.

Sisi Waha hatusalimiani kwa neno moja. Mnapiga makofi taratibu, mnaulizana umeamkaje, nyumbani, watoto, mahindi, yule mgonjwa, na mkifika mwisho mnarudi mwanzo kwa sauti ya chini zaidi. Mdogo anainama mpaka wakubwa wamalize. Na shangazi yangu hampiti mtu. Asubuhi ile alisalimia kuanzia mlangoni kwetu mpaka barabarani, na kila aliposimama mimi niliinama. Bodaboda waliotusubiri walizima pikipiki.

"Shangazi, tutachelewa," nilisema.

"Tutachelewa wapi? Mzinga una miguu?"

Gari la asubuhi likatuacha. Tukapanda lililofuata, na tulipofika Kibondo jua lilikuwa limeshavuka utosi. Kibao cha getini kilisema wanafunga saa kumi. Nilimwonyesha mama kwa kidole. Mama akamwonyesha shangazi. Shangazi alikuwa ameshaanza kupiga makofi mbele ya mlinzi, na mlinzi, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa mtu wa Nyakitonto, alikoolewa rafiki yake shangazi. Wakaulizana habari za Nyakitonto nzima.

"Na huyu?" mlinzi akauliza akinitazama.

"Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu. Ana aibu huyu! Ukimwuliza jina, anaviuliza viatu vyake kwanza."

Wakacheka. Mimi nikatazama viatu.

Ndani ya ua kulikuwa na nyumba ya msonge ya maonyesho, na mlangoni pake alikaa mzee wa saruji juu ya kigoda, amevaa gome la mti, kiko mdomoni. Babu haoni vizuri. Jicho moja lina ukungu na la pili analitumia kwa kubahatisha. Kabla sijamshika mkono, alikuwa ameshasimama mbele ya yule mzee, ameinama kidogo, anapiga makofi.

"Mwakeye," alimsalimia kwa Kiha. Kimya. Akasema tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutoa kiko mdomoni. "Mwakeye, mzee."

Nyuma yetu palikuwa na wanafunzi wa sekondari waliokuja na mwalimu wao. Mmoja akatoa simu.

"Babu, ni sanamu," nilimnong'oneza.

"Ni nani?"

"Sanamu. Saruji."

Babu alinyoosha mkono akagusa goti la yule mzee. Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu wao akageuka pembeni. Nilitamani ardhi inimeze. Babu hakuona haya hata kidogo. Alikasirika.

"Sasa wanamweka mtu mlangoni asiyeitika, wanategemea wageni waingieje?" akasema. Akaketi kwenye ukingo wa baraza la msonge, kando ya yule mzee, na akagoma. Alisema hataingia nyumba ambayo hajakaribishwa. Shangazi akambembeleza. Mama akambembeleza. Mimi nilitazama kivuli cha msonge kikisogea uani. Mwishowe alikuja kijana wa makumbusho, mwenye kitambulisho shingoni, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga.

"Shikamoo babu. Karibu sana, karibu ndani."

"Marahaba," babu akasema. Akasubiri. Kijana naye akasubiri. Babu alitaka aulizwe habari za nyumbani, na kijana hakujua. Shangazi ikabidi amfundishe, hapo hapo, na makofi yake.

Tulipoingia, nilijua vya kwetu viko chumba cha mwisho, maana kibao kilisema hivyo. Lakini kijana alianza na chumba cha kwanza, kama alivyozoea. Akatueleza mawe. Akatueleza mifupa ya sokwe, ndege waliokaushwa, na chui mmoja aliyetoboka sikio. Kwenye chui hasira za babu zilipoa. Akaanza kueleza chui aliyeingia kwenye zizi lao zamani, na kijana, badala ya kutupeleka mbele, akasema, "Enhe, ikawaje?" Ikawa. Ikawa sana. Mama alicheka pale ambapo hucheka kila mara. Nilivuta ushungi wa shangazi.

"Mzinga," nikamwambia.

"Mwache mzee amalize."

Nilikuwa na hasira ya kulia. Ningeweza kusema neno moja tu, "Kaka, tumefuata mzinga," na yule kijana angetupeleka. Lakini niliishia kuvuta ushungi tu. Kwa watu nisiowazoea nakuwa hivyo. Nikabaki nahesabu masharubu ya chui.

Tulifika chumba cha mwisho mlinzi akiwa ameshaanza kufunga madirisha ya kwanza. Palikuwa na vikapu, majembe ya jadi, ngoma. Na ukutani, usawa wa kifua changu, umefungwa kwa waya mbili, mzinga wa gogo, mweusi kwa moshi, mdogo kuliko nilivyoutarajia. Pembeni waliandika kwamba ni wa Kasulu, wilaya yetu. Jina la baba halikuwepo, wala sikulitegemea.

Nilitafuta alama. Upande wa chini, hakuna. Kwenye vifuniko, hakuna. Nikainama, nikapinda shingo. Hakuna kitu.

"Alikuwa akiichoma ubavuni," mama alisema. "Ubavu huu wa..." Akanyoosha kidole.

Ubavu ule ulikuwa umegeuziwa ukutani.

"Tunaomba mtugeuzie," shangazi akamwambia kijana.

"Hapana mama, vitu vya maonyesho haviguswi. Mpaka mkuu wetu awepo, na leo yuko Kigoma."

"Ni wa kaka yangu!"

"Nawaelewa mama. Lakini nikigeuza, ni kazi yangu hiyo inaondoka."

"Kuna nini cha kugeuza?" babu akasema. "Ni mguu wa kanga. Mimi nimeshasema."

"Baba, ni mshale," mama akasema.

"Wewe ulikuwa unapuliza moto, moshi umejaa machoni. Ungeona nini?"

"Nawe baba, leo umesalimia saruji!"

Shangazi akashika kiuno kwa kucheka. Kijana naye akacheka, akawageukia, na wote wanne wakawa wanabishana kuhusu baba yangu kana kwamba sipo. Mlinzi alitikisa funguo mlangoni. Safari yote ile, kuinama kote kule, na wangetutoa nje hivi hivi.

Kati ya mzinga na ukuta palikuwa na upenyo. Nikapitisha mkono.

Kwanza nilipata utando wa buibui, kisha mti wenyewe, mkavu. Nikasogeza vidole mpaka vikaingia kwenye mfereji. Ulikuwa mpana kama kidole changu cha shahada, kingo zake zimelainika. Nikaufuata ukanifikisha kwenye mwingine, na mwingine. Mitatu, imekutana mahali pamoja. Nikarudi pale ilipokutana nikapapasa upande wa pili, polepole. Kulikuwa na wa nne, mfupi.

"Dada! Usiguse!" kijana akasema.

Wote wakanigeukia. Sikutoa mkono.

"Ni wa baba," nilisema. Nadhani nilisema kwa sauti, kwa sababu mlinzi aliacha kutikisa funguo. "Nilikuwa nataka kujua tu. Sasa nimejua."

Njia nzima ya kurudi mama hakukubali. Alisema kidole hakioni, kwamba ule wa nne ni ufa wa gogo. Nilikuwa nimechoka, na mbele yetu shangazi alikuwa ameanza kumsalimia jirani wa kiti.

Siku iliyofuata nilipasha chuma nikauchoma mzinga mtupu kwanza, uani: mitatu mbele, mmoja nyuma. Babu aliusikia moshi, akaja, akaweka vidole kwenye alama ikiwa bado ina joto, akaizunguka yote.

"Kanga," alisema.

"Si lazima iwe kanga," mama alisema kutoka jikoni. Lakini nilipochukua kile chuma na kifuko cha mkaa kwenda porini kwenye mzinga wenye nyuki, ni yeye aliyekuja nyuma yangu, kunipulizia moto.