Kisa Nilichokwenda Nacho Sandton

Niliporudi Johannesburg mara ya pili sikuja kubeba mizigo ya watu mtaani Mayfair kama mara ya kwanza. Nilikuja na diploma ya ugavi niliyoisomea Dar es Salaam kwa fedha zangu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Kampuni ya bima ya Sandton, mtaa wa maofisi makubwa, iliponiita kwenye usaili, walioshangaa ni wengine.

Wasaili wa ofisi zile hawakuulizi unajua nini. Wanaanza na "tueleze siku ambayo", nawe unatoa kisa cha kweli: hali ilikuwaje, ulifanya nini, matokeo yakawa yapi. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kinakaribia kwisha, na bila kazi ile kisingeongezwa. Nilihitaji kisa kizito, nami nilikuwa nacho.

Mwenzetu wa Tanga, niliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa amefariki mwanzoni mwa baridi. Mdogo wake alitaka tumzike hapahapa siku ileile, kama dini inavyotaka. Mimi nikashikilia kwamba mama yake lazima amzike mwanawe. Nikachangisha msikitini, nikafuatilia karatasi ofisi kwa ofisi, mwili ukakaa mochwari wiki kadhaa, mwishowe ukasafirishwa hadi Tanga. Hakuna mwingine pale ambaye angeweza.

Huyo mdogo wa marehemu ndiye aliyenifanyisha mazoezi ya usaili, maana Kiingereza chake kilituzidi sote. Alikaa juu ya kreti, akakunja nne, akaniita mheshimiwa meneja, tukacheka. Kisha akauliza: tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako, mkamalizanaje? Nikatoa kisa kile. Alinisikiliza bila kunikatisha.

"Matokeo?"

"Mama alimzika mwanawe."

"Mama alizika sanduku, kaka. Lilitoka hapa limefungwa, wakamkataza kulifungua. Uso hakuuona."

Nikamwambia kama hapendi, nitatafuta kisa kingine. Akakwangua rangi ya kreti kwa ukucha.

"Kitumie. Kibali chako kinakwisha. Ila usiwaambie ulishinda."

Sandton walikuwa watatu mezani, na swali likaja karibu vilevile alivyoliuliza yeye. Nilieleza vizuri; kueleza sijawahi kushindwa. Walipofika kwenye matokeo nikawaambia kuhusu sanduku na uso ambao mama hakuuona. Mwanamke wa katikati aliacha kuandika, akauliza kama leo ningefanya tofauti. Nikasema hapana, ningefanya vilevile. Nilisema kwa dhati, na hadi leo nasimamia hivyo.

Kazi nikapata. Nilikwenda kumwambia yule kijana, nikamhakikishia kwamba sikujisifu kushinda. Akanipa hongera, mkono wake baridi.

"Na mimi je? Waliuliza kwa nini nilitaka azikwe hapa?"

"Hawakuuliza."

"Wala wewe hujawahi," akasema, akachukua kofia yake, akaenda kuswali alasiri.