Kisanduku cha Namba ya Mtihani

Tangazo lilibandikwa karibu na mlango wa bwalo la chakula: darasa maalumu la wanafunzi bora wa mwaka wa kwanza, nafasi thelathini, maabara yao wenyewe, na profesa wa kuwasimamia. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima wa kujifunza Kichina hapo Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, nasubiri kuanza uhandisi. Hesabu ndiyo iliyonitoa Korogwe. Nikajiambia, hapa ndipo mahali pangu.

Ofisini nilimkuta mama mmoja tuliyemwita laoshi, yaani mwalimu, ingawa hakufundisha. Alinipa fomu, akanionyesha kisanduku cha namba ya mtihani wa taifa wa kuingia chuo.

"Mimi nilifanya mtihani wa kwetu, laoshi."

"Basi lete cheti kilichotafsiriwa."

Nilikileta. Akasema muhuri wa mtafsiri ni wa buluu, unatakiwa mwekundu. Nikapanda basi kurudi mjini, nikakaa foleni nusu siku kati ya wafanyabiashara waliokuja kugongesha mihuri mikataba ya jinzi za Xintang, mji wa viwanda vya nguo, nikarudi na mwekundu. Sasa akataka barua ya mwalimu wangu wa sekondari. Mwalimu alisafiri mpaka Tanga mjini ili aitume kwa barua pepe. Laoshi akaigeuzageuza. Hii ni nakala, akasema, tunataka yenyewe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.

Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili alinikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Mdogo wangu, hao wanakukatalia kwa adabu," alisema. "Achana nao."

"Kaka, kama ni hapana, si waseme hapana?"

"Hawatasema."

Ijumaa laoshi alinihurumia, au alinichoka, akaipokea nakala. Tukakaa pamoja mbele ya kompyuta yake. Kila akibonyeza, mashine inaturudisha kwenye kisanduku kile kile cha namba. Tukajaza sifuri. Ikakataa. "Meiyou banfa," akasema, hakuna namna. Niende ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Huko wakaniambia darasa hilo haliwahusu, nirudi kwa laoshi.

Sikurudi. Nilimsubiri profesa nje ya chumba chake cha kufundishia, nikamkabidhi bahasha yenye fomu na vyeti vyangu. Alisoma amesimama, kisha akaandika swali nyuma ya fomu yangu. Nililitatua nikiwa nimeegemea ukuta. Akalipitia mara mbili.

"Umeliweza," alisema. "Jina lako siwezi kuliingiza. Ila njoo ukae, usikilize."

Nilikaa muhula mzima kiti cha nyuma, nikijibu nilipoulizwa, nikiwaelekeza wenzangu waliokwama. Siku ya mtihani karatasi ziligawiwa kwa orodha, zikaisha kabla ya kunifikia. Profesa hakuwepo, na msimamizi alidhani nimekosea chumba.

"Darasa lako ni lipi?" aliniuliza kwa upole.

Nikamtajia darasa langu la kawaida, jengo la pili, nikakusanya vitu vyangu, nikatoka watu wote wakinitazama.

Muhula uliofuata sikwenda tena. Profesa alinitumia ujumbe mara mbili kuuliza niko wapi, na mara zote mbili sikumjibu. Hilo hunisumbua hadi leo, maana yeye hakuwa amenikosea kitu.