Siku Mama Mkwe Alipoketi Kwenye Jumba la Kamari

Siku niliyomwona mama yangu mzazi akiingia kwenye jumba la kamari na kikapu chake cha ndizi, mjukuu wangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nilifunikwa kitenge, sikuona kitu. Hii niliiona yote, tena nikiwa wima.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Maduka yalijaa bidhaa ambazo tulikuwa tukizisikia tu, na wakati huohuo viwanda vya hapa Morogoro vikawa vinauzwa kimoja baada ya kingine. Mume wangu Banzi alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Wakarudishwa nyumbani yeye na wenzake, kila mtu na kiinua mgongo chake. Sikulia, maana nilikuwa na mpango. Kwetu Mkuyuni wanawake walibeba mahindi mwendo mrefu kwenda kusaga. Sisi tungenunua mashine ya kusaga, na Banzi angeiendesha. Mama alikwishatupa kiwanja kando ya soko, ardhi ya ukoo, na sisi Waluguru ukoo wetu hufuata upande wa mama, kwa hiyo hakukuwa na wa kutubabaisha. Kaka yangu alikwishajenga kibanda. Ilibaki mashine yenyewe tu.

Ndipo likafunguliwa lile jumba karibu na stendi. Usidhani lilikuwa la watalii wenye tai. Lilikuwa la wenyeji: viti vya plastiki, mashine za kutumbukiza sarafu zimepangwa ukutani, televisheni kubwa za kuonyesha mpira wa Ulaya, na dirisha lenye nondo ambapo unataja timu itakayoshinda, unatoa pesa, unapewa kikaratasi. Wateja walikuwa hawahawa waliopunguzwa kazi. Wakalibatiza jina, Ofisini. Asubuhi mtu anaoga, anachomekea shati, anamuaga mkewe: "Naenda ofisini." Mke anajua, watoto wanajua, na bado anajibiwa, "Kazi njema."

Banzi alikuwa amedakia timu ya kiwanda miaka mingi, mpira aliujua kweli, na hilo ndilo lililomponza. Asiyejua kitu hucheza kwa woga. Mume wangu alicheza kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Siku za mwanzo alishinda, akaleta nyama nyumbani, nami nikaila, sitakuficha. Baadaye nyama ikakoma. Kila nilipomuuliza lini tunakwenda dukani kuilipia mashine, alijibu, "Subiri kwanza iongezeke."

Nilikuwa na mdomo, mwanangu. Ninao mpaka leo, ila sasa unajua pa kwenda. Jumamosi moja nikamfuata hukohuko. Nikasimama mlangoni nikamwita kwa jina lake mbele za watu, nikamsema yeye, nikakisema na kile kibanda kinachoota nyasi Mkuyuni, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Banzi hakugeuka. Wenzake wakampigia makofi, wakamnunulia soda, wakamwambia yeye ndiye mwanamume. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Kesho yake nikapanda Mkuyuni kwa mama. Nilitegemea anionee huruma. Alikuwa anamenya mihogo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini, halafu akaniuliza:

"Ulikwenda kumchukua, au ulikwenda kumshinda?"

Swali lile liliniuma. Naye hakuningoja nijibu.

"Ukimpigia kelele vile, akitoka watu watasema katolewa na mkewe. Nani atatoka hapo? Hata mimi nisingetoka." Akachukua muhogo mwingine. "Huko ndani kuna viti?"

"Vipo, mama."

"Basi Jumamosi nitakuja kukaa."

Hapa inabidi nikueleze jambo, maana nyinyi mnakaa sebule moja na wakwe zenu mnatazama tamthilia pamoja. Zamani kwetu mwanamume alikuwa haketi mahali alipoketi mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hapigi kelele mbele yake, akikutana naye njiani anampisha. Na mama mkwe wako si yule tu aliyemzaa mkeo. Dada zake ni wakwe zako, na mwanamke yeyote wa ukoo wake wa rika lake ni mkwe wako pia. Sasa hesabu wanaume wangapi wa mjini walikuwa wameoa kwenye ukoo wetu. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Mama alikuwa amelifikiria kabla hajamaliza kumenya mihogo.

Jumamosi akateremka na gari la ndizi, amejifunga kanga zake za ugenini. Mimi nyuma yake. Mlinzi wa mlangoni alikuwa kijana wa Matombo, jirani na kwetu, akajikuta ameshainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupumzika, miguu inaniuma."

Angemzuiaje? Mama akaingia, akachagua kiti cha mbele kabisa chini ya televisheni, akaweka kikapu miguuni, akatulia.

Banzi alikuwa mstari wa pili, kikaratasi mkononi. Alipomwona aliruka kama kiti kimemchoma. Akachutama pembeni akamwamkia, halafu akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mara akasimama Mkude wa mtaa wetu, maana mkewe na mama ni ukoo mmoja. Akafuata fundi mmoja wa Kilakala. Kisha mwingine ambaye mimi hata sikujua ameoa kwetu. Wanaume wazima, wameganda ukutani, mikono wameifumbata. Watu wa mikoa mingine, Wagogo kwa Wasukuma, ambao mama hakuwa mkwe wao kwa namna yoyote, nao wakaanza kuona vibaya kukaa peke yao.

Basi kwenye televisheni goli likaingia. Goli zuri, hata mimi nililiona. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja tu pale ukutani alisema "Ahsante" kwa sauti ndogo, kama yuko msikitini. Msimamizi, kijana kutoka Dar es Salaam, akatoa kichwa dirishani.

"Vipi, umeme umekata?"

Nilikaribia kucheka nikajibana na kanga. Msimamizi akamjia mama, akamwambia kwa adabu kwamba pale ni mahali pa watu wanaocheza.

"Nami nataka kujua mchezo unavyochezwa," mama akasema. "Mkwe wangu yule anaujua. Aje anieleze."

Banzi akasogea, macho chini. Akaeleza, maskini, akiwa mbali kama anahojiwa polisi: unachagua timu, unatoa pesa, wakishinda unapata. Mama alimsikiliza kwa heshima zote. Kisha akaonyesha wale wachezaji kwenye kioo.

"Hawa vijana wanaokimbia, wanakufahamu?"

"Hapana, mama."

"Sisi tunakufahamu, baba. Na tunakusubiri."

Nilimwangalia mume wangu, nikaona anakikunjakunja kile kikaratasi. Nilimpenda sana dakika ile, na nilijionea aibu kwa yale niliyoyapayuka pale mlangoni wiki iliyopita. Hapo mama akanyanyuka, akajishika kiuno, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Mkwe wangu, kikapu hiki kimenishinda. Nani wa kunibebea?"

Mwanamume hakatai kutumwa na mama mkwe wake. Banzi akakinyanyua kikapu, akatoka nacho kifua mbele, na wale wenzake wakampisha njia. Hakuna aliyesema katolewa na mkewe, maana katumwa na mkwewe, na hiyo ni sifa. Kilikuwa na ndizi chache tu. Hata mtoto angekibeba. Alikibeba mpaka dukani kwa Mhindi mmoja aliyeuza mashine za kusaga, mama mbele, yeye nyuma, mimi nyuma zaidi nikiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kiinua mgongo kilikuwa kimeliwa pembeni, lakini kilichobaki mfukoni mwake kilitosha mashine ndogo iliyokwishatumika. Hiyo ndiyo iliyosomesha mama zenu na wajomba zenu. Na Jumamosi iliyofuata, nasikia, mlinzi alipewa amri asiruhusu mama yeyote mwenye kikapu.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Siku hizi jumba liko ndani ya simu. Unacheza chini ya shuka, unacheza chooni, na hakuna kiti hata kimoja cha mama mkwe kukalia. Ndiyo maana linawamaliza upesi kuliko lilivyotaka kutumaliza sisi. Kwa hiyo jiwekee sheria hii: mchezo usioweza kuucheza mbele ya mtu unayemheshimu, usiucheze. Ukiona unageuza kioo cha simu mwenzako asione, umeshafika pabaya, rudi. Na chagua watu wa kuwaonea haya, mwanangu. Usiwakimbie ukadhani unapata uhuru, maana watu hao ndio watakaokuja kukutafuta ukipotea.

Na ikiwa wewe ndiye unayemtafuta aliyepotea, usimfuate na mdomo wako. Mpe kitu cha kubeba, atoke nacho kichwa juu.

Mungu akupe nyumba yenye watu wanaokusubiri, na akupe aibu ya kutosha kurudi kabla hawajachoka. Mkono wako upate cha halali na kikutoshe. Na mkweo akikutuma, mwanangu, nenda.