Chumba cha Kulala Jina

Kuna mlima mmoja nje kidogo ya Mbinga mjini, njia ya kwendea Maguu, ambao mpaka leo nikiupanda naona haya, na siwezi kumlaumu mtu kwa sababu aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, tena kwa bidii.

Ilikuwa miaka ile kampuni za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa kununua kahawa, nami nikapata ukarani kwenye mojawapo, tukahama kutoka Tanga mimi, mume wangu Athumani (fundi cherehani, mtu ambaye kazi yake inahamia popote penye baraza) na binti yetu Zuhura, aliyekuwa anaingia darasa la pili. Kampuni ikatupa nyumba mjini, karibu na soko, bomba liko uani. Mwenye akili angetandika mkeka akashukuru. Mimi nikaanza kuulizia shule.

Kila niliyemuuliza alinitajia ileile, shule ya kijiji juu ya mlima, kwamba ndiyo inayofaulisha watoto kwenda sekondari kila mwaka. Nikapanda. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ndunguru, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinipokea vizuri, akanieleza kwamba madawati hayatoshi, kwa hiyo wanakijiji wamekubaliana wapokelewe watoto wanaoishi palepale tu. Akaniuliza tunakaa wapi. Hapo ndipo ningesema mjini, tukaagana kwa amani. Nikasema tunahamia kijijini wiki hiyohiyo.

Siku ileile nikapanga chumba kwa Bibi Kinunda, mjane ambaye nyumba yake inatazamana na njia ya shule, nikaweka kitanda na sanduku moja tupu. Jioni nikamsimulia Athumani, naye akauliza huku macho yako kwenye sindano:

"Sasa hicho chumba ni cha kulala nani?"

"Cha kulala jina," nikamjibu, nikajiona mjanja kweli.

Na mambo yakaenda. Asubuhi Athumani alimpandisha Zuhura kwa baiskeli, anamshushia kwenye kona kabla ya shule, na mtoto tumemfundisha akiulizwa aseme anakaa kwa Bibi Kinunda. Mwalimu akamsifu kwa kuwahi. Mimi kazini natembea kifua mbele kama niliyemzaa profesa.

Kisha Zuhura akapata malaria. Siku mbili hakwenda shule, Athumani akapeleka taarifa, na siku ya tatu niko ghalani napokea kahawa, baba mmoja wa kule kijijini akanipa pole ya mgonjwa, akaongeza kwamba mchana huo Mwalimu Ndunguru ataongoza darasa zima kwenda kumwona mtoto, na ndizi wameshazikusanya. Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, nikamwomba dereva wa kampuni anisaidie pikapu, nikapita nyumbani nikamzoa mtoto kitandani (homa ilishashuka, alikuwa anakula uji), nikamfunga kanga, tukapanda mlima. Nia yangu ilikuwa tufike kabla yao.

Tatizo ni kwamba sikumweleza dereva. Alipowaona watoto wamejipanga pembeni mwa barabara, wanatembea na sare zao na ndizi zao, huruma ikamshika, akasimama, akawaambia wapande nyuma. Mwalimu akaja dirishani, akamwona Zuhura mapajani kwangu.

"Poleni, Mama Zuhura. Mnatoka hospitali?"

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, na huo ukawa uongo wa pili, au wa tatu, nilishaacha kuhesabu.

Basi tukafika pamoja, wageni na mwenyeji ndani ya gari moja, watoto nyuma wakiimba. Pale uani tukamkuta mwenyekiti wa kijiji, amepita kumjulia hali Bibi. Wote wakasimama wakinisubiri nifungue mlango wa chumba changu, na mlango ule ulikuwa na kufuli kubwa ambalo sijawahi kuliona, na ufunguo sina. Nikapapasa pochi, nikapapasa pindo la kanga, nikampapasa hata mtoto. Bibi akatokea shambani, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayezama, akaitikia, akafungua ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake, akafungua mlango.

Chumba kilikuwa kimejaa magunia ya kahawa mpaka usawa wa dirisha. Ukutani zimening'inia usipa zilizokaushwa, dagaa za kutoka ziwani, zinanuka vizuri kabisa, na katikati ya kitanda changu kuku ameatamia.

Watoto walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliangalia magunia, akaangalia jina la kampuni kwenye mlango wa pikapu, akaniuliza taratibu tangu lini kampuni yangu inanunua kahawa vichochoroni, kabla ya msimu kufunguliwa kijijini pale. Ndugu zangu, nikikaa kimya nimekuwa mlanguzi na kazi imekwisha, na nikijitetea ni lazima niseme kwamba chumba kile sikikai.

Bibi Kinunda akaniokoa na kunimaliza kwa pumzi moja. "Kahawa ni yangu, mwenyekiti. Chumba kilikuwa hakina mtu, kwa nini kikae bure?"

Mwalimu akamgeukia Zuhura, akamuuliza kama anajisikia nafuu. Mwanangu, aliyelelewa kukaribisha wageni, akajibu kwa adabu yote, "Nafuu, Mwalimu. Karibuni. Humu ndani mimi sijawahi kuingia, lakini karibuni."

Nilitamani kuku yule anipishe nijifiche chini yake. Nikasema yote, palepale uani, mbele ya darasa la pili, dereva, mwenyekiti na mikungu ya ndizi. Mwenyekiti akapumua, akasema afadhali mwongo kuliko mlanguzi. Mwalimu Ndunguru akaniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Mama Zuhura, watu wanadhani tuna siri ya kufaulisha. Mtoto akiugua tunajua pa kumkuta. Ndiyo hiyo tu."

Hakumfukuza mtoto. Kikao cha wazazi ndicho kilichoamua: ama tuhamie kweli, ama tumpeleke shule ya mjini. Nilirudi nyumbani nikamweleza Athumani, nikitegemea anicheke wiki nzima, naye akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akauliza tu kama kule mlimani kuna baraza.

Lipo, la Bibi Kinunda. Tulihamia, magunia yakatafutiwa pengine, kuku tukamsubiri aangue kwanza, na bomba la uani nikaliaga nikawa nateka maji bondeni na kupanda nayo kichwani, huku nikienda kazini kwa miguu asubuhi na kurudi jioni nikihema, mpaka Zuhura akamaliza la saba. Kwenye ujenzi wa darasa jipya nilibeba mawe kama wenzangu, na kila nilipotua jiwe kuna mama atauliza, kwa upole tu, kama nimelitoa nyumbani au kule ninakosema ni nyumbani.

Tangu hapo nimehamishwa mara mbili. Kila nikifika pageni naulizia shule kwanza, hilo sijaacha, lakini ninapopaonyesha kwa kidole kwamba ndipo kwangu, sufuria zangu zimeshatangulia na moto umewashwa.